Duka Kariakoo, Daftari Micheweni: Shajara ya Mradi

Januari 2024

Chumba kimepatikana. Ni ghala la karafuu la familia moja, kuta za mawe, bati bado zima, lililokaa bila kazi tangu wenyewe walipohamia Unguja. Tumepewa bila kodi kwa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba msimu ukishika magunia ya wenyewe yapate pembe ya kuwekwa. Sheha, mkuu wa shehia yetu, ameandika barua, wazee wawili wametia saini, na ufunguo umekabidhiwa barazani baada ya sala ya laasiri, mbele za watu, asije mtu kesho akasema hakuambiwa.

Kwa atakayesoma shajara hii bila kutujua: tuko wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba, shehia ya mwani, dagaa na karafuu kidogo. Vijana wetu wakimaliza skuli huangalia Unguja, Dar es Salaam au Mombasa, na mwenye bahati zaidi hufika Oman. Mradi unataka kuileta kazi hapa: kazi ya kompyuta inayofanywa kwa mbali, pamoja na mafunzo ya kuifanya. Fedha za kuanzia ni mchango wa wana wa shehia walioko nje. Tuna laptopu sita zilizokwishatumika, rauta moja, na meza za skuli zilizopigwa misumari upya.

Kuhusu umeme. Tangu 2010 Pemba inapata umeme wa gridi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Pangani, na aliyekuwa mtu mzima enzi za majenereta hahitaji kuelezwa tofauti yake. Hata hivyo unakatika, khasa masika. Fundi mmoja alitupigia bei ya sola ambayo ingemaliza fedha zote kabla hatujawasha hata laptopu moja. Tukakaa na hesabu. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya asidi haifai kufyonzwa zaidi ya nusu, basi hesabu ni 600. Laptopu nne zikila wati 45 kila moja, na rauta wati 10, ni wati 190 kwa pamoja. Betri moja inatupa kama saa tatu. Tumenunua betri mbili na inveta ya kawaida, na umeme wa TUKUZA, ule wa kulipia kabla, utazichaji usiku.

Februari

Waliojiandikisha wengi ni wanawake wa mwani. Vijana wa kiume walikuja kuchungulia, wakauliza mshahara unaanza lini, wakaondoka. Baadhi yao watarudi, nawajua.

Ratiba ndiyo iliyotuumiza kichwa kidogo, kisha ikajipanga yenyewe. Mwani hufuata bamvua. Mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka maji hukupwa mbali, na upande wetu kukupwa huko huangukia kati ya saa nne na saa sita mchana. Siku hizo huwezi kumwambia mtu aje akae mbele ya kioo huku kamba zake ziko wazi zinangoja kufungwa. Maji mafu yakiingia, pwani hapana kazi kubwa, na asubuhi nzima iko huru. Kwa hiyo darasa la asubuhi ni la maji mafu. Siku za bamvua tunakutana baada ya laasiri mpaka karibu na magharibi. Kalenda iliyobandikwa ukutani ni ya mwezi. Rafiki mmoja wa mradi aliyeko Dar alitaka ripoti ya mahudhurio kwa wiki na akaona tuna mashimo mashimo. Nimemtumia jedwali la maji kujua na kupwa. Hajajibu.

Mwalimu mwenzangu ni mwanamke, kijana wa Wete aliyesomea TEHAMA, na bila yeye nusu ya darasa isingeruhusiwa kuja. Hilo tuliseme bila kupepesa. Waume kadhaa walikuja wenyewe kumwona, wakamsikiliza, wakaridhika. Mmoja aliuliza, "Maalim, na wewe unakuwepo humo ndani?" Nikamjibu kwamba mimi natembea baina ya ghala na dukani kutafuta mafuta na vocha, jambo ambalo kwa kweli ndilo ninalolifanya siku nyingi.

Tunayofundisha: kuchapa kwa vidole vyote, kupanga mafaili na kuyapa majina yanayoeleweka, barua pepe fupi yenye adabu, na jedwali la Excel mpaka mtu aweze kujumlisha, kuchuja na kutafuta kosa. Kozi ya kutengeneza tovuti, iliyokuwemo kwenye andiko la mradi, nimeitoa. Ni kozi inayopendeza kwenye picha za mahafali, lakini soko la tovuti limejaa na mwanafunzi wa miezi mitatu hana pa kupenya.

Machi

Ramadhani imeanza tarehe 12. Darasa ni asubuhi tu, na tarawehe ikimalizika wachache hurudi kufanya mazoezi mpaka saa tano usiku.

Mwezi huu tulijaribu majukwaa ya kazi ya kigeni, yale ambayo kila semina ya vijana huyataja. Niandike tulichokikuta kwa sababu wengine watapita njia hii hii.

Kikwazo cha mwanzo kilikuwa jina. Kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kinasema Mwanakhamis, cheti cha skuli kinasema Mwana Khamis, na laini ya simu imesajiliwa kwa namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, yenye tahajia ya tatu. Mashine ya jukwaa hulinganisha herufi kwa herufi, ikikuta tofauti inakukataa, na hapana mtu wa kumweleza. Kurekebisha jina kuna mlolongo wake wa hati ya kiapo na nauli za kwenda na kurudi Wete. Cha pili ni malipo: njia moja mashuhuri ya malipo ya mtandaoni inakuruhusu kulipa ukiwa Tanzania, kupokea haikuruhusu. Zipo njia nyingine, ila kila moja inakata chake, na ukipata kidogo makato hayo ni mengi.

Waliofanikiwa kufungua akaunti walipata majaribio ya kunakili sauti, yaani kusikiliza mazungumzo ya Kiswahili na kuyaandika. Kazi hii tunaiweza, na masikio ya watu wetu ni mazuri. Lakini wenye uzoefu duniani kote hukadiria saa nne za kuandika kwa kila saa moja ya sauti. Mwanafunzi anatumia nane au kumi. Malipo hutolewa kwa dakika ya sauti, hayatolewi kwa dakika ya kuandika. Bi mmoja alikaa siku mbili na rekodi ya watu watatu wanaosemezana kwa pamoja, akaandika vizuri kabisa, na alipoona malipo aliinuka akasema, "Mwani umeshuka bei, lakini haujanidharau hivi." Siku ya pili alirudi, nashukuru.

Upo pia ukumbi wa Common Voice wa Mozilla, ambako watu hujitolea kusoma sentensi za Kiswahili ili kompyuta zijifunze kuitambua lugha. Hauna malipo na hausemi kwamba una malipo. Tunautumia kama mazoezi ya kusoma kwa sauti na kuzoea kipaza sauti.

Hukumu yangu kufikia leo: jukwaa la dunia nzima ni foleni, na sisi tumesimama mwisho wake pamoja na watu wasio na idadi, tukishindana kwa urahisi wa bei. Sioni shehia ikihuishwa kwa njia hiyo.

Aprili, baada ya Idd

Idd imeangukia tarehe 10. Wamerudi wote: wa Unguja, wa Tanga, wa Dar, wa Mombasa. Boti zimejaa, Konde haina pa kuweka mguu, na barazani kumekuwa na habari nyingi za mtaji kuliko habari za kijiji.

Usiku wa Idd pili nilikaa na ami yangu mmoja ambaye ni mwenye maduka ya vyombo Kariakoo, upande wa mtaa wa Kongo. Aliniuliza mradi unakwendaje, nikamweleza habari za foleni. Akacheka, kisha akaanza kulalamika yake. Ana maduka mawili na stoo moja, na vijana wanne wa kuuza. Kila duka lina daftari. Usiku kijana anampigia picha kurasa za siku hiyo na kumtumia kwenye simu, naye anazipitia akiwa amechoka, wakati mwingine anasinzia simu ikiwa mkononi. Mali kauli, yaani bidhaa za kulipwa baadaye, aliyowapa wauzaji wa mikoani anaijua kwa kichwa. Mhasibu wa mjini huja mara moja kwa mwezi, anachukua risiti, anafunga hesabu za kodi na kuondoka. Hajui nani anadaiwa sufuria ngapi.

Nikamuuliza, "Ami, hizo picha ukiwatumia watu wa hapa, usiku huohuo wakaziingiza kwenye jedwali, na alfajiri ukapata karatasi moja ya mauzo, madeni na kilichobaki stoo, utalipa?"

Akanyamaza kidogo. "Nani ataziona?"

Swali hilo ndilo mradi mzima, na nitalirudia nikipata nafasi ya kulifikiri.

Nataka kuandika hapa jambo moja kabla halijanitoka. Tulikuwa tukitafuta wateja Marekani na Uingereza, na kumbe watu wa Pemba wameshatangulia katika kila mji wa Tanzania Bara wenye duka la rejareja. Ukienda Tanga, Arusha au Songea utaambiwa "nenda kwa Mpemba pale pembeni". Watu hawa wana kazi ya kuandika na kuhesabu isiyokwisha, wanazungumza lugha yetu, wanalipa kwa simu, na kama wakidhulumu tunajua mama zao wanakaa wapi.

Mei

Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Mafia. Kwetu ni upepo na mvua tu, lakini vyombo vya majini vilisimamishwa na umeme ulikwenda na kurudi. Betri zilifanya kazi kama hesabu ilivyosema.

Tarehe 12, Jumapili, intaneti ikafa. Kwanza tulidhani ni rauta, kisha bando, kisha mnara. Baadaye ikatangazwa kwamba nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nyaya hizo ndizo tegemeo kubwa la pwani yote hii, na Seacom ilikuwa tayari na jeraha la Bahari ya Shamu tangu Februari, kwa hiyo upande wa kusini ulipokwenda hapakuwa na pa kukimbilia kwa haraka. Kenya na Uganda zilitaabika, sisi tulitaabika zaidi. Huduma ilirudi kwa kudondoka, siku moja ujumbe unapita na picha hazipiti, siku ya pili kinyume chake.

Tulikuwa ndani ya majaribio na ami. Picha hazikufika kwa siku kadhaa. Kijana wa duka akawa anampigia mwanafunzi wetu simu ya kawaida saa nne usiku na kumsomea daftari mstari kwa mstari: sufuria namba tatu, kumi na mbili, taslimu, hotpoti, sita, mali kauli. Yeye anaandika kwenye laptopu isiyo na mtandao. Ilikuwa polepole, na hesabu ilifungwa kila siku. Ami alipokuja kuambiwa alishangaa kuliko tulivyotarajia, na siku ile ndipo alipoacha kuita mradi "ile kompyuta yenu".

Kanuni mbili zimezaliwa hapo. Kila faili la kazi lazima liwepo kwenye laptopu, isiwe mtandaoni peke yake. Na kila picha au sauti ipunguzwe kabla ya kutumwa: saa moja ya sauti ikiachwa katika muundo wa WAV wa njia moja kwa ubora wa CD inazidi MB 300, na hiyo hiyo ikibanwa kwa kiwango cha kbps 64 inakuwa chini ya MB 30, na kwa kusikilizwa na mwanadamu inatosha.

Juni

Mvua. Bati linavuja pembe ya karafuu. Fundi amekuja.

Julai

Sasa maduka ni matano: mawili ya ami, moja la vitenge na madira hukohuko Kariakoo, moja la vipuri Tanga, na moja la vyakula Darajani, Unguja. Malipo ni kwa mwezi, kwa kila duka, kulingana na wingi wa kurasa. Kila duka lina mtu wake mkuu na msaidizi mmoja.

Nieleze kazi yenyewe, kwa sababu watu wakisikia "kazi za mbali" hufikiri ni kitu cha ajabu. Saa tatu usiku picha zinaingia. Mtu wa kwanza anaingiza: tarehe, bidhaa, idadi, bei, taslimu au deni, jina la mdaiwa. Wa pili anakagua bila kutazama jedwali la mwenzake, anajumlisha kurasa kwa mkono, na jumla mbili lazima zikutane. Zisipokutana wanatafuta. Mara nyingi kosa liko dukani: kijana ameandika katoni na mwenzake ameandika dazeni, doti ya khanga imehesabiwa kama vipande viwili kwenye ukurasa mmoja na kimoja kwenye mwingine. Tumetengeneza orodha ya vipimo kwa kila duka na kuwatumia wauzaji waibandike ukutani. Vijana wa Tanga walinuna. Mwenye duka akawaambia kwamba hao wanaowauliza ni mama zao wadogo, wajibu kwa adabu.

Kodi tumejifunza kiasi cha kutojitia aibu. VAT ya Tanzania Bara ni asilimia 18. Zanzibar bidhaa nyingi ni 15. Duka la Bara lina mashine ya EFD, ya kutolea risiti za kodi, na mwisho wa siku mashine hutoa muhtasari wa mauzo. Tunauomba muhtasari huo pamoja na kurasa za daftari, tunaviweka ubavuni. Hapo ndipo mfanyabiashara mmoja, ambaye hakuwa miongoni mwa watano hao, alipotutaka tumtengenezee vitabu viwili, kimoja cha kwake na kimoja cha kuwaonesha watu wa kodi. Tulimkatalia tukiwa na njaa ya wateja. Bi wa rekodi ya Machi, ambaye sasa ndiye mkaguzi wetu hodari kuliko wote, alisema kazi ya vitabu viwili italipa mara moja kisha itafunga ghala. Sikuwa na la kuongeza.

Lile swali la ami: nani ataziona? Limerudi kwa kila mteja, na jibu lake lina ncha mbili. Wametupa kazi kwa sababu sisi ni jamaa. Na kwa sababu sisi ni jamaa ndiyo maana wanaogopa. Mtu wa Mombasa au Dar hataki kijiji kizima kijue anadaiwa kiasi gani na muagizaji wa mzigo, au kwamba amemkopesha shemeji yake na halipwi. Mkataba na kampuni ya mjini ungemwacha na woga wa aina nyingine, lakini woga wa kusengenywa harusini ungemtoka.

Tumejadili hili kwa siku nyingi kuliko jambo jingine lolote. Tulichoafikiana: hakuna anayeshika faili la duka la mtu wa ukoo wake, wala la ukoo wa mumewe. Majina ya wadaiwa yanaandikwa kwa namba, na ufunguo wa namba uko kwa mwenye duka peke yake. Picha zinafutwa kwenye simu baada ya hesabu kufungwa. Simu ya kazi hailali nyumbani, inalala ghalani. Na kila mmoja amekula yamini mbele ya mwenzake. Mimi nilitaka karatasi ya mkataba tu. Akinamama ndio waliosema karatasi pekee haimzuii mtu. Tumeweka vyote viwili.

Agosti

Sheha ameniita. Kuna wageni wa serikali watakuja wilayani na anataka awe na la kusema. "Maalim, jambo hili limefanywa wapi, au tumelianzisha sisi?"

Nilimweleza kwamba halikuanza jana. Mwaka 1985, kabla ya intaneti kuwafikia watu wa kawaida, kijiji cha Vemdalen huko Sweden kilifungua nyumba ya kompyuta kwa wanakijiji wajifunze na wafanye kazi, na nchi jirani zikaiga. India kuna kampuni ya RuralShores iliyoanza 2008 na kupeleka kazi za ofisi kwenye vituo vya vijijini, cha kwanza Bagepalli, Karnataka. Kule Kamiyama, mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Tokushima, Japani, kampuni ya Sansan ya Tokyo ilifungua ofisi ndogo katika nyumba kongwe mwaka 2010, na nyingine zikafuata. Na kisiwa cha Arranmore, Ireland, chenye watu wasiofika mia tano, kilifungua kituo cha intaneti 2019 na kuandika barua za wazi kwa watu wa Marekani na Australia: njooni mkae kwetu, mfanye kazi zenu kutokea hapa.

Sheha alikipenda sana kisiwa hicho. Akataka na sisi tuandike barua.

Hapo tulitofautiana kwa heshima. Pemba ina watu zaidi ya nusu milioni. Haikupungukiwa watu, imepungukiwa cha kuwaweka. Na wageni wa laptopu Zanzibar tayari wapo, Paje na Nungwi, na mpango wa Silicon Zanzibar wa 2022 umeelekezwa Fumba, kule Unguja, kwa kampuni za teknolojia. Si vibaya. Lakini mgeni wa Paje akilipa kodi ya nyumba, faida ya shehia inaishia kwa mwenye nyumba na mwenye mkahawa. Nilimwambia Sheha kwamba barua yetu ikiandikwa, iende Kariakoo. Akasema, "Basi andika hiyo, nitaipiga muhuri." Tumeiandika, na imekwenda kwenye makundi ya WhatsApp ya wana wa Micheweni walioko nje. Maduka matatu yameuliza.

Septemba

Karafuu. Zimeshika, na kila mwenye mikono yuko shambani au kwenye jamvi. Mchana kuchuma, jioni kubanja, yaani kutenga karafuu na vikonyo, na mtoto wa skuli naye anapata chake kwa pishi. Magunia ya wenye ghala yamewasili kama ilivyoafikiwa, na sasa tunafanya kazi katika nusu ya chumba, macho yakiwasha kidogo.

Niliogopa msimu huu kuliko kimbunga. Mahudhurio ya darasa yameanguka, na nimesimamisha mafunzo mapya mpaka zikauke. Lakini kazi ya maduka haikuanguka, kwa sababu ni kazi ya usiku na ya saa mbili au tatu. Waliochuma mchana waliingia ghalani baada ya isha, vidole vyeusi kwa utomvu, wakafunga hesabu na kwenda kulala. Nadhani hapa ndipo tulipopata bahati bila kuipanga: kazi ya mbali inayodai saa nane za mchana ingewalazimisha watu wachague baina yake na karafuu, na wangechagua karafuu, kwa haki. Hii inakaa pembeni ya mwani na karafuu.

Oktoba

Mtoto wa mwenye duka la vitenge, anayesoma chuo, amemwambia baba yake kwamba siku hizi kuna programu inayosoma picha na kujaza jedwali yenyewe, sasa analipa watu wa Pemba kwa nini? Baba ametuletea swali hilo moja kwa moja, jambo ambalo nalihesabu kuwa heshima.

Tuliijaribu. Risiti za EFD, zilizopigwa chapa, iliisoma vizuri na kwa haraka, na tangu hapo tunaitumia kwa risiti. Daftari la mkono lilikuwa habari nyingine. "½ dz" ikawa 12. Mshale unaomaanisha "kama hapo juu" ukasomwa moja. Mstari uliofutwa na kuandikwa tena pembeni ukaingia mara mbili. Na programu haiwezi kupiga simu Kariakoo kumuuliza kijana kama yule "Juma mrefu" ndiye Juma wa Morogoro. Tumemweleza mteja yote, pamoja na kwamba itazidi kuwa nzuri. Tumepunguza bei upande wa risiti. Amebaki.

Mafunzo yanabadilika kwa sababu hiyo. Kuchapa haraka kunapungua thamani; kukagua, kuuliza na kueleza hesabu kwa mwenye duka kunapanda. Kundi jipya litaanza na ukaguzi.

Novemba

Mwezi wa kwanza ambao ada za maduka zimelipa posho zote, umeme na bando bila kugusa mchango. Kilichobaki ni kidogo, na ghala litaanza kulipiwa kodi Januari.

Posho zinakwenda kwenye simu ya kila mtu mwenyewe. Mume mmoja aliomba ya mkewe ipitie kwake. Mwalimu mwenzangu alimjibu kwamba hesabu za mradi zinakaguliwa na jina la mfanyakazi na la laini lazima yalingane. Ni kweli, na pia ni jibu lililomwachia yule mume heshima yake.

Duka la kwanza la Mombasa limeingia. VAT huko ni asilimia 16, na hesabu ni za shilingi ya Kenya. Jedwali lake limetengwa kabisa lisichanganyike na mengine.

Vijana wa kiume niliosema watarudi, wamerudi wanne. Mmoja ametoka Darajani, alikokuwa akiuza dukani, na anajua daftari kwa upande wa pili wa meza. Nimemweka na mkaguzi mkuu. Amemwita "bi mkubwa" siku ya kwanza, akaambiwa aache maneno afungue ukurasa wa tarehe 3.

Ya kufanya kabla ya mwisho wa mwaka: kusajili kikundi kama ushirika, ili maduka yalipe akaunti ya benki badala ya simu yangu; kununua betri ya tatu; kupata pa kukaa kwa wanne walioongezeka. Viti viko kwa seremala wa Konde, nusu ya fedha ameshapokea, na anasema mbao hazijakauka.